Alama kwenye Sikio la Diski

Ukimuuliza Namelok anafanya kazi gani, kaa kitako kwanza. Atakwambia yeye ndiye fundi kompyuta bora kuanzia lango la Ngorongoro mpaka Makuyuni, na ukicheka atakuuliza unachekea nini. Wapo wanaosema binti yule anajisikia. Ndiyo, anajisikia, na mimi nampa ruhusa.

Naitwa Sikuzani, ila hapa Karatu wengi wananijua kama Mama Hasna. Nashona na kukodisha magauni ya harusi. Mume wangu Ashrafu ana studio ya picha na video mlango wa pili kutoka kwangu, na Namelok ana kibanda chake ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi. Ni mrefu, mwembamba, hutupia shuka nyekundu juu ya fulana, na shingoni huning'iniza bisibisi ndogo kwenye uzi wa shanga alioutunga mwenyewe. Cheti chake cha chuo, alichokipatia Arusha, kimewekwa kwenye fremu na kutundikwa kikiangalia barabarani, ili hata wapita njia wasome.

Siku moja dereva wa loji fulani alisimamisha gari, akaingia kibandani na printa mikononi. Akamsalimia, akakaa, akatazama saa, halafu akauliza, "Samahani dada, fundi anarudi lini?"

"Fundi umeshamsalimia," Namelok akamjibu. "Sasa lete hiyo printa kabla hajaghairi."

Nilikuwa nimepeleka simu yangu pale, nikacheka mpaka nikashika meza.

Kwao ni Nainokanoka, kule juu ndani ya hifadhi ambako asubuhi ukungu hauonyeshi hata mbuzi aliye mbele yako. Baba yake, mzee Lomayani, ni mfugaji wa Kimaasai, na Namelok alichunga ndama na mbuzi wake tangu alipoweza kushika fimbo mpaka shule ilipomchukua. Siku za mnada mzee hushuka Karatu. Akimaliza shughuli zake huja na kibuyu cha maziwa, anakaa kwenye benchi nje ya kibanda cha bintiye, anaota jua kidogo, kisha huyo anaondoka. Ndani alikuwa haingii. Watu wakimuuliza binti yake anafanya nini mjini, alikuwa anajibu, "Anafungua masanduku." Hakusema kwa ubaya, ila hakusema kwa fahari pia, na Namelok aliumia. Aliwahi kuniambia, "Kaka zangu wamegawiwa ng'ombe na alama ya kuwakata masikioni. Mimi nikaambiwa alama haiendi kwa binti, binti ataolewa na kufuga wenye alama ya watu wengine." Alisema hivyo huku anakaza skrubu, na ile skrubu aliikaza kuliko ilivyostahili.

Mimi na yeye tulijuana kwa ugomvi. Kompyuta kubwa ya studio, ile inayohifadhi harusi zote alizopiga Ashrafu, ilianza kulia. Pii, pii, pii, kutwa. Mume wangu, kwa akili zake, akaifunika na kigodoro cha mtoto. Ikalia chini ya kigodoro. Akaongeza blanketi. Jirani wa duka la dawa akaanza kutununia, na mwisho Namelok akavuka barabara, akaingia bila kubisha hodi.

"Baba Hasna, hiyo mashine inakuita. Wewe unaizibaje mdomo?"

Akafungua boksi, akatuonyesha. Mbele kulikuwa na diski sita zimepangwa kwenye trei zake, na ndani, imechomekwa kwenye bodi kubwa, kadi moja ya kijani inayozisimamia zote. Mafundi wanaiita kadi ya RAID. Naeleza kazi yake kama nilivyoelezwa mimi nisiye fundi. Ukihifadhi harusi, kadi haiiweki yote kwenye diski moja. Inaikata vipande, inavigawa kwa diski zote, na juu yake inaweka akiba ya kutosha kufidia diski moja. Diski moja ikifa, harusi yako bado ipo. Zikifa mbili kwa pamoja, huna harusi. Ule mlio ulikuwa ni kadi inatuambia kwamba moja imekufa na sisi tumekaa tu.

Namelok alichomoa ile iliyokufa mashine ikiwa inawaka. Ashrafu akapiga kelele kama aliyeng'olewa jino yeye. Akachomeka mpya, taa yake ikaanza kukonyeza, na kadi ikaanza kuijaza taratibu kutoka kwa wenzake. Kesho yake taa zote zilikuwa za kijani na sisi tulikuwa tumepata fundi.

Kisha akafanya jambo ambalo nililiona la ajabu. Ashrafu alikuwa amebandika karatasi zenye namba kwenye zile trei. Namelok akazitazama kwa dharau, akasema karatasi hubanduka. Akatoa tupa ndogo mfukoni. Kila trei ina vishikio viwili vya plastiki vinavyotokeza mbele, kushoto na kulia, na yeye aliviita masikio. Sikio la kushoto akalichonga tundu la nusu mwezi upande wa chini. La kulia akalipasua kidogo kwenye ncha. Akafanya hivyo kwa zote sita, na ile iliyokufa hakuigusa.

"Sasa hao ni wangu," akasema. "Nikiwakuta hata Dodoma, nitawajua."

Akawapa na majina, ya rangi, kama wanavyowaita ng'ombe kwao. Yule mwenye kitufe chekundu akawa Nanyokie. Mweusi wote akawa Narok. Yule wa kampuni tofauti, mwenye lebo nyeupe, akawa Naibor. Wengine nimewasahau, yeye hajawasahau. Tangu hapo, kila Jumatatu asubuhi alikuja na kikombe chake cha chai. Alitazama taa, akafungua ukurasa wa kadi kwenye skrini, akasoma joto la kila diski, akaangalia betri ya kadi, akaiamuru kadi ipite kote ikague. Hakuwahi kuhesabu. Nilipomuuliza, akanishangaa.

"Ng'ombe hawahesabiwi, mama. Ukihesabu unawaombea balaa. Unasimama langoni jioni wakati wanaingia, unawaangalia. Asiyekuwepo unamwona."

Nilidhani ni mbwembwe zake tu.

Kuhusu ile diski mfu, alimwambia Ashrafu aitupe siku ileile. Lakini mume wangu hajawahi kutupa kitu. Ana katoni nzima ya rimoti za televisheni ambazo hatunazo. Diski ikapata nafasi yake kwenye rafu, na hapo ndipo balaa lilipokaa likitusubiri.

Sasa, kiangazi cha Karatu mnakijua. Vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye kopo la sukari lililofungwa. Na mji mzima una dawa moja ya vumbi: gereji. Ukiwa na redio, friji, cherehani, chochote kile, unakipeleka kwa mafundi pancha, kinapulizwa kwa kompresa ya kujazia matairi, unarudi nacho kinang'aa. Hata cherehani yangu imepulizwa pale mara nyingi. Namelok alikwisha kataza. Alisema upepo wa kompresa una maji ndani yake, na kompyuta yeye huisafisha kwa brashi na pampu ndogo ya mkono. Ila wiki ile alikuwa amepanda huko juu kwenye ukingo wa kreta, kwenye kazi ya loji. Msimu wa harusi ulikuwa unaanza, mashine ilikuwa inapata joto kwa vumbi, na Ashrafu akaona amsaidie fundi.

Akaipakia kwenye bajaji mpaka kwa Supeet.

Supeet ni fundi pancha, na kama wema ungekuwa leseni angerusha ndege. Hakuishia kupuliza. Alichomoa diski zote akazipanga kwenye gunia, akafuta kila trei kwa kitambaa chenye petroli mpaka namba za Ashrafu zikayeyuka zikaenda zao. Na mume wangu alikuwa amebeba na ile diski mfu mfukoni. Alisema huenda haikufa, huenda ni vumbi tu, nayo ipulizwe tuone. Basi zikawa zimelala saba kwenye gunia, zote safi, na kwa macho yao zote zinafanana. Wakati wa kurudisha, Ashrafu akajaza nafasi sita, akahesabu sita, akaridhika, akarudi studio anapiga mluzi.

Nilijua kuna jambo pale mluzi ulipokatika. Nikaenda studio. Mashine ilikuwa inawaka, feni zinavuma, lakini kwenye skrini kulikuwa na maneno machache meupe: hakuna diski. Ashrafu alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani.

"Zote?" nikauliza.

Akaelekeza kidole kwenye skrini.

Niseme ukweli wangu. Harusi za watu ziliniuma, na kwa wenyewe sikujua tungesema nini. Lakini nilipokaa kwenye kile kiti cha wateja sikuwaza harusi za watu. Nilimuwaza mama yangu. Mama alikuwa Mrangi wa Kondoa, mkaidi, na hakupenda kamera hata kidogo. Ukimwelekezea tu, anavuta khanga anafunika uso. Nina picha zake nyingi, zote za khanga. Mara moja tu alijisahau, kwenye harusi ya binti yetu Hasna. Aliinuka, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, akamsema bwana harusi kwa Kirangi huku anacheka, halafu akacheza. Uso wazi, jino lake la pembeni limeng'oka, hajali. Mvua zilizofuata alifariki. Ile video nilisema nitaitoa nakala, nikasema kesho, kila siku kesho, kwa kuwa studio ni ya mume wangu na mashine ipo palepale. Sasa mashine ilikuwa inasema hakuna diski.

Namelok alishuka kutoka kreta siku iliyofuata. Sijui nani alimwambia. Aliingia na vumbi lake la safari, hakusalimia.

"Nani amewasha?"

"Mimi," akasema Ashrafu.

"Gereji?"

Ashrafu akainamisha kichwa. Nilitegemea amfokee, na nilikuwa tayari kumsaidia kufoka. Hakufoka. Alichomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa boksi, akainama akanusa. Akaichomoa ile kadi akaileta dirishani. Kwenye meno yake ya shaba kulikuwa na ukungu wa kijani, na kipande kimoja kidogo cheusi kilikuwa kimepasuka.

"Mchungaji amekufa," akasema. "Ng'ombe bado sijui. Mtu asiwaguse mpaka nipate mchungaji mwingine."

Akampigia Clemensi, mtu aliyesoma naye chuoni ambaye sasa anauza vifaa vya kompyuta Arusha. Nilimsikia akimkatalia mara mbili. Hakutaka kadi yoyote tu, alitaka ya ukoo uleule, kwa sababu kadi huandika kumbukumbu yake ndani ya kila diski, na ya ukoo mwingine isingeweza kuisoma. Clemensi akaipata. Namelok akamwagiza na diski moja ya ziada, ile ambayo alikuwa anamdai Ashrafu ainunue tangu mwanzo na Ashrafu anasema mwezi ujao. Vyote vikapakiwa kwenye basi la asubuhi.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya mnada. Kifurushi kilipofika, mzee Lomayani naye alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi na kibuyu chake. Namelok akamwendea, akainamisha kichwa, mzee akakigusa kwa kiganja.

"Baba, leo sitakaa nawe. Nina kazi pale kwa Mama Hasna."

"Masanduku?"

"Masanduku."

Mzee akafikiri kidogo, kisha akanyanyuka na fimbo yake akavuka naye barabara. Benchi letu lina kivuli kizuri zaidi. Akakaa nje ya mlango wa studio, akatugeuzia mgongo.

Kitu cha kwanza Namelok alichofanya ni kuvua shuka. Kiangazi zile shuka hutoa cheche ukizikunja gizani, na alisema cheche ndogo usiyoihisi inatosha kuua kadi. Akaipitisha mlangoni, baba yake akaipokea akaiweka magotini. Akashika chuma kitupu cha boksi kwa mkono mzima, ili umeme wa mwilini uishie hapo. Ndipo akaifungua kadi mpya kwenye mfuko wake wa fedha, akaishika kingoni bila kugusa meno. Alisafisha nafasi yake kwa brashi, akailenga, akaibonyeza kwa vidole gumba viwili mpaka ikaingia na mlio mdogo. Akakaza skrubu, safari hii kwa upole. Nyaya akazirudisha moja moja, kila moja akiivuta kidogo kuona kama imeshika. Ashrafu alisimama nyuma yake anapumua, akaambiwa akapumulie kwingine.

Kisha Namelok akachuchumaa mbele ya zile diski. Akazitazama tu. Na mimi nikamwona anabadilika uso.

"Nanyokie hayupo."

"Zipo sita," akasema Ashrafu. "Nimehesabu mwenyewe."

"Zipo sita. Nanyokie hayupo." Akaivuta moja, akatugeuzia. Masikio yake yalikuwa mazima, hayajaguswa na tupa. "Huyu ni yule maiti. Umenirudishia maiti zizini na wangu umemwacha malishoni."

Ashrafu akajitetea, na niseme kwa haki, alikuwa na hoja. "Si ulisema mwenyewe akikosekana mmoja wenzake wanamfidia? Washa basi na watano. Tuone kwanza."

"Siwashi mpaka Nanyokie aingie."

"Namelok, watu wana harusi Jumamosi!"

"Na mimi nina ng'ombe yuko nje!"

Akatoka bila shuka, mbio, sisi nyuma yake. Nanyokie alikuwa gerejini kwa Supeet, juu ya meza ya kazi, amewekwa kama uzito juu ya viraka vya pancha vilivyopakwa gundi. Supeet mwenyewe alikuwa anausifia uzito huo. Namelok akamchukua kwa mikono miwili, akambeba kifuani kama mtoto wa mbuzi aliyezaliwa njiani, na Supeet akatufuata akiuliza kosa lake ni nini.

Tulirudi. Nanyokie akaingia nafasi yake, maiti akabaki mezani. Namelok akawasha.

Feni zikavuma. Taa zikaanza kuwaka, moja, nyingine, nyingine. Halafu tukasikia sauti ndani ya boksi. Tak. Tak. Tak. Namelok akaweka kiganja juu ya trei moja baada ya nyingine.

"Naibor," akasema, na akamchomoa haraka. "Huyu ameanguka. Nani amemwangusha?"

Supeet alikuwa mlangoni. Akavua kofia. "Mmoja aliniponyoka, dada. Lakini kidogo tu, sakafuni hapo. Nikamfuta."

Mpaka mimi, nisiyejua kompyuta, nililiona jambo lenyewe. Naibor amekufa, huyo mmoja. Kama Nanyokie angebaki kule juu ya viraka, hao wawili. Ashrafu akatafuta kiti akakaa.

Skrini ikaandika. Namelok akatutafsiria. Kadi mpya ilikuwa inasema imekuta diski za kigeni, zina kumbukumbu ya kadi nyingine, na inauliza ifanye nini. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, izipokee na kumbukumbu zake kama zilivyo. Ya pili, ifute kila kitu ianze upya.

"Kama ni za kigeni, si ifute hiyo kumbukumbu ya zamani zianze kuelewana?" akasema Ashrafu, na mkono wake ukaanza kwenda kwenye kibodi. Namelok akauchapa. Akamchapa mkono mtu mwenye umri wa baba yake, nami sikusema kitu.

"Ng'ombe akija kwenye zizi lako na alama ya mtu, Baba Hasna, humkati masikio upya. Unasoma alama kwanza, unajua katoka kwa nani, ndipo unamfungulia lango. Ukimkata upya, hakuna atakayejua tena alikuwa wa nani. Hata wewe mwenyewe."

Aliposema hayo nikasikia benchi la nje likilia. Mzee Lomayani alikuwa amegeuka.

Namelok aliiamuru kadi imwonyeshe kwanza kile itakachopokea, kabla haijapokea. Orodha ikaja. Diski tano ziko hai, moja haipo, na juu yake lile jina aliloliandika yeye mwenyewe zamani: Studio Karatu. Akavuta pumzi. Akajifuta kidole kwenye fulana. Akabonyeza kupokea.

Kadi ikaanza kuzisoma.

Halafu: pii, pii, pii.

Ule mlio wa kigodoro na blanketi! Sijawahi kufurahia kelele kama siku ile. Maana yake kadi imewajua, inalalamika kwamba mmoja hayupo, na asingeweza kulalamikiwa mmoja kama wengine hawapo. Namelok akaurusha mkono juu akapiga yowe moja la kwao, na mwenye duka la dawa akatoka nje kuangalia kulikoni.

"Harusi ya nani kwanza?" akaniuliza, ingawa alijua.

Akaifungua ya Hasna. Akaisogeza mbele, ukumbi, keki, mshereheshaji. Na yule hapo mama yangu, anainuka na khanga yake begani badala ya usoni, ananyang'anya kipaza sauti. Sauti yake ikajaa studio. Anamwambia mkwe wetu kwamba akimwonea Hasna, yeye atatoka Kondoa kwa miguu kuja kumcharaza. Anacheka. Lile pengo la jino. Nililia, sikujificha, nikalia mpaka kamasi. Ashrafu akanishika bega na yeye akalia, na nikamsamehe yote isipokuwa zile rimoti.

Nilipofuta macho, mzee Lomayani alikuwa ndani. Amesimama katikati ya studio, shuka ya bintiye mkononi, anamtazama mama yangu anavyocheza.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama yangu, mzee."

"Yupo?"

"Hayupo tena."

Akaitika kwa kichwa. Hakuniuliza jina lake, kwao marehemu hatajwi. Alitazama mpaka mama alipomaliza kucheza. Kisha akasema, "Amecheza vizuri," na macho yake yakashuka kutoka kwenye skrini hadi kwenye boksi, kwenye zile trei zilizojipanga na masikio yao.

Akainama taratibu, fimbo ikimsaidia. Akaweka kidole kwenye sikio la kushoto la Nanyokie, kwenye nusu mwezi. Akakipeleka kulia, kwenye mpasuo. Akagusa la Narok. Akagusa yote, hakuruka hata moja.

"Alama hii ni ya nani?"

Namelok, yule wa maneno mengi, yule bora mpaka Makuyuni, sauti ilimtoka ndogo. "Ni yako, baba."

"Nani alikupa?"

"Hakuna aliyenipa. Niliikata mwenyewe."

Niliogopa. Sijui mambo ya kwao, lakini nilijua hili si dogo. Alama hupewa mtoto wa kiume, na huyu alikuwa amejichukulia bila kuomba. Mzee akabaki ameinama. Kidole kikarudi kwenye sikio la kushoto.

"Umekata chini sana," akasema. "Ya kwetu inaanzia hapa." Akamwonyesha kwa ukucha. "Ukikata chini hivi, mtu atadhani ni ya ukoo mwingine. Kaka yako wa kwanza naye alikosea hivihivi."

Namelok akachuchumaa kando yake, akautazama ule ukucha.

Diski mpya ya Clemensi ilikuwa bado mezani, kwenye trei ambayo Namelok alikuwa ameivua ile diski mfu. Masikio yake yalikuwa mazima. Mzee akanyoosha mkono. "Lete hiyo tupa."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaiweka trei magotini juu ya shuka kabla Namelok hajamzuia. Binti akaiondoa shuka haraka na kumshikisha kwanza chuma cha boksi, na mzee akatii kila alichoambiwa, kama mgeni anayeelekezwa mlango. Kisha akachonga. Hakuharakisha. Kushoto nusu mwezi, kulia mpasuo kwenye ncha, akapuliza unga wa plastiki kwa mdomo, akaipitishia kidole gumba. Akamrudishia.

Namelok akaichomeka. Taa ikaanza kukonyeza rangi ya machungwa, mlio ukanyamaza, na kadi ikaanza kumjaza mgeni kutoka kwa wenzake. Mzee akauliza inachukua muda gani. Akaambiwa mpaka kesho. Akauliza kama katikati ya kazi hiyo anahitaji kupewa maji. Akaambiwa hahitaji. Akasema basi huyo ni ng'ombe mzuri.

Harusi ya Jumamosi ilipigwa, ikahifadhiwa, na nakala ya mama yangu ninayo sehemu tatu tofauti, moja iko Kondoa. Ile diski mfu Namelok alimkabidhi Ashrafu, akamwamuru akaitupe. Alifika nayo jalalani, akarudi nayo. Sasa inazuia mlango wa studio upepo ukivuma.

Na mnada uliofuata nilikuwa nanunua kitunguu cha Mang'ola nikasikia sauti ninayoijua. Mzee Lomayani alikuwa amesimama na wazee wenzake, ameegemea fimbo, na mmoja wao alikuwa amemuuliza habari za binti yake wa mjini.

"Yupo," mzee akasema. "Ana ng'ombe zake hapa Karatu. Wana alama yangu."

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza wanalishwa wapi mjini hapa, na mzee akanyoosha fimbo kuelekea mtaa wetu. Kwa kuwa wote walikuwa watu waliolelewa vizuri, hakuna aliyemuuliza ni wangapi.